Krimu ya antibiotiki kwenye ngozi: lini ipakwe, lini iachwe

Mtoto ana vidonda vitatu chini ya pua. Vilianza kama malengelenge madogo, vikapasuka, na sasa vimefunikwa na gaga la njano mithili ya asali iliyokauka. Hana homa, anakula, anacheza na wenzake. Huyu ndiye mgonjwa hasa wa krimu ya antibiotiki. Akipakwa sawasawa, ndani ya wiki moja ngozi imefunga, na hajameza kidonge hata kimoja.

Shida ni kwamba tyubu ileile iliyomponya mtoto huyo, kesho yake inapakwa kwenye fangasi za baba, jipu la dada, upele wa nyumba nzima na uso wa mtu anayetaka kung'aa. Kote huko haina kazi, na mahali pengine inaumiza. Krimu ya antibiotiki ina kazi moja, tena ndogo. Ukiijua kazi hiyo utaokoa hela, utaokoa ngozi, na dawa yenyewe itaendelea kufanya kazi siku unapoihitaji kweli.

Kazi yake ni ipi

Ugonjwa wa mtoto huyo kitaalamu unaitwa impetigo. Unaletwa na bakteria wa aina mbili, stafilokoka na streptokoka, ambao mara nyingi hukaa juu ya ngozi au ndani ya pua bila kumdhuru mtu. Wakipata upenyo, kama mkwaruzo, mahali mbu alipouma pakakunwa, au ngozi ya chini ya pua iliyochubuka kwa mafua, wanaingia na kuzaliana kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi. Hapo ndipo krimu inapofaa, kwa sababu krimu nayo haiendi mbali. Inafanya kazi kwenye tabaka hilohilo la juu na kuishia hapo.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote jiulize maswali manne. Vidonda ni vya juujuu, yaani hakuna shimo wala uvimbe mgumu chini yake? Ni vichache? Kipimo chepesi ni kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake: vidonda vyote ukivikusanya pamoja visizidi eneo hilo. Mgonjwa ana nguvu zake, hana homa wala mitoki? Na ameshavuka umri wa miezi miwili? Majibu yote manne yakiwa ndiyo, krimu inatosha. Moja likiwa hapana, anahitaji kuonwa zahanati, kwa sababu huenda akahitaji dawa ya kunywa au ugonjwa ni mwingine kabisa.

Neno kuhusu rangi. Vitabu vingi vinasema ngozi yenye maambukizi huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Angalia ngozi iliyokaza na kung'aa, iliyoiva kuelekea zambarau au nyeusi zaidi kuliko jirani yake, kisha gusa kwa mgongo wa mkono ulinganishe joto na upande wa pili wa mwili. Hata gaga la njano linaweza kuonekana la kahawia. Tumia mwanga wa mchana; taa ya ndani hudanganya.

Krimu inafaa pia kwa mkwaruzo mdogo ulioanza kutoa usaha, na kwa vipele vya usaha kwenye vinyweleo baada ya kunyoa kama ni vichache, ingawa vingi vya hivyo huisha vyenyewe ukiacha kunyoa kwa siku kadhaa na kuosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Kwa mdudu wa kidole, krimu ni nyongeza tu, tena mwanzoni, pembeni mwa ukucha pakiwa pamevimba lakini usaha haujakusanyika. Tiba yenyewe ni kuchovya kidole kwenye maji ya vuguvugu dakika 15, mara tatu au nne kwa siku. Usaha ukishaonekana, kidole kipasuliwe na mhudumu wa afya.

Namna ya kupaka

Kosa linaloharibu tiba kuliko yote ni kupaka juu ya gaga. Gaga ni ute uliokauka, na bakteria wako chini yake. Krimu inakaa juu, inakauka, mtoto anajifuta kwa mkono, na siku tano zinapita bila dawa kugusa ugonjwa. Halafu watu wanasema dawa ni feki.

Chemsha maji kama lita moja, yaache yapoe hadi yawe ya vuguvugu. Nawa mikono kwa sabuni. Lowesha kitambaa safi cha pamba, kikamue kidogo, kiweke juu ya gaga kwa dakika 10, na kikipoa kiloweshe tena. Gaga likishalainika, lisugue taratibu kwa kitambaa hicho na sabuni ya kawaida. Linalotoka litoke, linalong'ang'ania liache hadi awamu inayofuata. Usilibandue kwa kucha. Ukibandua, damu inatoka, kidonda kinaanza upya, na bakteria wanabaki chini ya kucha wakisubiri kupelekwa kwingine. Kausha kwa kugusagusa, usifute kwa nguvu.

Sasa kiasi. Kamua krimu kwenye kidole cha shahada cha mtu mzima, mstari mmoja kuanzia ncha hadi mkunjo wa kwanza. Hiyo ni karibu nusu gramu, na inatosha kupaka eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Vidonda vitatu chini ya pua ya mtoto havihitaji hata robo ya hapo. Tyubu ya gramu 15 ina vipimo kama 30 vya namna hiyo. Ikikuishia ndani ya siku mbili, ama unapaka kupita kiasi, ama ugonjwa umeshakuwa mkubwa kuliko krimu. Paka utando mwembamba, uvuke kidogo ukingo wa kidonda, na mdomo wa tyubu usiguse ngozi. Kisha nawa mikono tena. Hatua hii ndiyo watu wanaisahau, na ndiyo inayomwambukiza mdogo wake.

Rudia mara tatu kwa siku kwa siku 5: asubuhi, jioni akitoka shule, na kabla ya kulala. Kama siku ya 5 bado kuna mabaki kidogo, endelea hadi siku 7. Funika kwa shashi safi iwapo kidonda kipo mahali anapopafikia kupakuna.

Siku ya kwanza usitegemee tofauti. Kufikia siku ya tatu vidonda vipya vinapaswa kuwa vimekoma, na vya zamani viwe vinakauka na kupungua kutoka pembeni. Kama siku hiyo bado vinaongezeka, usiongeze krimu wala usibadilishe tyubu kwa kubahatisha. Huenda bakteria ni sugu kwa dawa hiyo, huenda ni fangasi, huenda chini yake kuna upele ambao haujatibiwa. Mpeleke akaonwe.

Vidonda vikishafunga, kwenye ngozi yetu huacha baka jeusi au jeupe linaloweza kukaa kwa wiki nyingi. Baka hilo ni rangi ya ngozi inayojirudisha, bakteria hawapo tena. Wazazi wengi huendelea kupaka krimu wakisubiri baka liondoke, na hivyo ndivyo antibiotiki ya siku tano inavyogeuka kuwa ya miezi miwili. Ngozi ikifunga, acha. Kama unataka kupaka kitu, paka mafuta ya mgando.

Wakati wa matibabu kata kucha za mtoto ziwe fupi, mpe taulo lake peke yake, fua foronya na shuka kwa maji ya moto kisha uanike juani. Shule anaweza kurudi saa 48 baada ya kuanza dawa, au vidonda vikishakauka vyote.

Jambo moja la mwisho hapa: kama daktari amempa dawa ya kunywa, krimu ya antibiotiki haihitajiki juu yake. Haiongezi kupona, inaongeza tu usugu wa vimelea.

Soma tyubu kabla hujalipa

Chini ya jina kubwa la biashara kuna mstari mdogo wenye majina ya dawa zenyewe na asilimia zake. Huo ndio mstari wa kusoma, hata kama muuzaji ana haraka.

Kwa impetigo tafuta Mupirocin 2% au Fusidic acid 2%, ambayo ikiwa marhamu huandikwa Sodium fusidate. Zote mbili zinaua stafilokoka na streptokoka, na zote mbili bakteria huzizoea upesi zikitumiwa ovyo. Mupirosini ina kazi nyingine muhimu hospitalini, ya kuondoa stafilokoka sugu puani mwa wagonjwa, na ndiyo maana wataalamu wengi hupenda ibaki kuwa chaguo la pili. Marhamu yake hutengenezwa kwa kiungo (polyethylene glycol) kinachoweza kunyonywa na mwili na kulemea figo, kwa hiyo yasipakwe kwenye vidonda vikubwa vilivyo wazi wala majeraha mapana ya moto. Kwa fyusidiki, angalia jina la biashara likifuatwa na herufi H au B. Mara nyingi maana yake ni kwamba steroidi, yaani dawa ya kuzima muwasho na uvimbe, imeongezwa, na hiyo siyo tyubu unayoitaka.

Gentamicin 0.1% imejaa madukani na ni ya bei nafuu, lakini ni dhaifu kwa streptokoka, kwa hiyo impetigo huweza kupungua nusu kisha kurudi. Neomycin, iwe krimu au ule unga wa kunyunyiza uliochanganywa na basitrasini, ina tatizo jingine: ni kati ya dawa za kupaka zinazosababisha mzio mara nyingi. Ngozi kuzunguka kidonda inaanza kuwasha na kutoa vipele vidogo, mtu anadhani maambukizi yanasambaa, anaongeza dawa, na mzio unazidi. Muwasho ulioanza baada ya kupaka, kwenye eneo lilelile lililopakwa, ni dalili ya kuacha.

Silver sulfadiazine 1% ni ya majeraha ya moto. Haipewi mtoto mchanga, mjamzito aliyekaribia kujifungua, wala mtu mwenye mzio wa dawa za salfa. Tena inaacha utando mweupe unaomzuia mhudumu kuona kina cha jeraha. Aliyeungua na bomba la moshi la bodaboda aweke mguu chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, afunike kwa kitambaa safi, aende kuonwa, na krimu ifuate baadaye kama itahitajika. Tetrasaiklini ya macho imetengenezwa kwa nguvu ya jicho, iache huko.

GV ya 0.5%, ile dawa ya zambarau, bado inatumika kwenye zahanati kwa maambukizi madogo ya ngozi, mara mbili kwa siku kwa siku 5. Inaua bakteria, ila inapaka rangi kila kitu na kumficha mhudumu hali ya ngozi. Nchini Uingereza, tangu 2020 mwongozo wa taifa unapendekeza kwanza krimu ya haidrojeni peroksaidi ya 1% kwa impetigo ndogo, ili kuhifadhi antibiotiki. Hiyo si sawa na haidrojeni peroksaidi ya maji inayouzwa kwenye chupa na kutoa povu kidondani. Ile ya chupa ina nguvu zaidi, huharibu ngozi changa inayoota, na haifai kumiminwa kila siku.

Na kuna desturi ya kufungua kapsuli ya ampisilini au ya rangi mbili na kumwaga unga kidondani. Unga huo hauna kipimo, haujatakaswa kwa ajili ya kidonda, unatengeneza tope linaloganda juu ya usaha, na dawa za jamii ya penisilini zikipakwa kwenye ngozi ni rahisi kumtengenezea mtu mzio. Mzio huo hauishii kwenye ngozi. Siku atakapochomwa sindano ya penisilini hospitalini, mwili unaweza kupambana nayo kwa namna ya kutishia maisha. Tafadhali, desturi hii iachwe.

Tyubu ya tatu kwa moja

Hii inahitaji kuzungumziwa peke yake kwa sababu ndiyo inayoharibu ngozi nyingi zaidi. Ni krimu yenye dawa tatu ndani ya tyubu moja: antibiotiki kama gentamisini au neomisini, dawa ya fangasi kama clotrimazole au miconazole, na steroidi kali kama betamethasone au clobetasol. Inauzwa kama jibu la kila kitu. Muuzaji hahitaji kujua unaumwa nini, na mnunuzi anaona nafuu siku ya pili.

Nafuu hiyo inatoka kwenye steroidi. Inazima muwasho na uvimbe, yaani inazima ulinzi wa mwili mahali pale. Ugonjwa ukiwa ni fangasi, wanaendelea kustawi chini kwa chini. Mtu anaacha krimu, ndani ya wiki muwasho unarudi ukiwa mkali zaidi, anapaka tena. Baada ya miezi michache lile duara la mashilingi lenye ukingo wa magamba, ambalo mhudumu yeyote angelitambua kwa macho, limegeuka kuwa baka pana lisilo na umbo, na kulitambua kunahitaji kukwangua ngozi na kupima kwa hadubini.

Mapajani, kinenani na kwapani steroidi kali huchana ngozi kwa ndani na kuacha michirizi ambayo haiondoki tena. Usoni huleta chunusi, ngozi nyembamba na mishipa ya damu inayoonekana. Kwa mtoto mdogo, hasa ikipakwa chini ya nepi, hunyonywa na kuingia mwilini. Na kwa kuwa clobetasol hung'arisha ngozi, wako wanaoipaka kila asubuhi kwa miaka wakiamini ni losheni.

Namna ya kuigundua: kwenye ule mstari mdogo tafuta majina yanayoishia na -sone, kama betamethasone, dexamethasone, mometasone au hydrocortisone, yanayoishia na -lone, kama triamcinolone au fluocinolone, au jina clobetasol. Steroidi zina kazi zake halali, kwa mfano kwenye pumu ya ngozi, zikiandikwa na mtu aliyeiona ngozi hiyo. Kwa maambukizi usiyoyajua, usinunue.

Kama umekwisha kuipaka usoni kwa miezi, ukiacha ngozi itawaka, itawasha na kutoa vipele kwa wiki kadhaa. Wengi hapo hurudi kwenye tyubu, na kifungo kinaendelea. Muone mtaalamu wa ngozi akusaidie kuiacha. Kwa Tanzania, hospitali ya KCMC ya Moshi ina kituo cha kanda kilichofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990, na baadhi yao ni maofisa tabibu wanaofanya kazi kwenye hospitali za mikoa. Uliza hospitali ya mkoa wako kabla ya kusafiri.

Yanayofanana lakini siyo

Jipu. Usaha wake uko chini sana, umezungukwa na ukuta ambao krimu haiwezi kuupenya, na hata vidonge hupenya kwa shida. Dogo likandwe kwa kitambaa cha maji ya moto yanayovumilika, dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku, mpaka litoke lenyewe. Kubwa au linalouma sana lipasuliwe kituoni. Usilikamue, hasa la puani, mdomo wa juu au kati ya macho, kwani mishipa ya damu ya eneo hilo inaelekea ndani ya kichwa.

Mguu uliovimba, wenye moto na maumivu ya kusambaa ni maambukizi ya tabaka za ndani. Chora mpaka wa uvimbe kwa kalamu ya wino, andika saa, na uende kituoni siku hiyohiyo. Mstari huo utamsaidia mhudumu kujua kasi yake. Dawa hapo ni za kunywa au sindano, na cloxacillin au flucloxacillin ndizo zinazotumika mara nyingi. Amoksilini peke yake mara nyingi hushindwa, kwa kuwa stafilokoka wengi hutoa kimeng'enya kinachoivunja.

Mashilingi yana duara, magamba ukingoni, katikati pakiwa pamepona, na yanawasha. Yapakwe clotrimazole 1% mara mbili kwa siku, ivuke ukingo kwa sentimita 2, kwa wiki 2 hadi 4, na uendelee wiki moja baada ya kuona pamepona. Mapunye ya kichwani hayasikii krimu ya aina yoyote kwa sababu fangasi wako ndani ya mizizi ya nywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kama griseofulvin, kwa kipimo cha uzito wake.

Upele wa kuwasha usiku, katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na makalioni, huku na wengine nyumbani wanajikuna, ni wa vijidudu vinavyochimba ngozini. Hapa watu hukosea sana, kwa sababu vidonda vya kujikuna huingia bakteria na kuonekana kama impetigo tupu. Krimu inakausha vidonda, muwasho unabaki, kucha zinarudi, vidonda vinarudi. Tibu vyote viwili.

Malengelenge yenye maumivu makali, upande mmoja tu wa mwili, yaliyopangika kama ukanda, ni mkanda wa jeshi. Ni virusi. Dawa yake, aciclovir, hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 72, kwa hiyo kila siku unayoipoteza na krimu ya antibiotiki ina gharama. Kubali pia kipimo cha VVU ukipewa, kwani kwa kijana mkanda wa jeshi unaweza kuwa dalili ya kwanza ya kinga kushuka.

Msimu wa mvua kuna mdudu mwembamba mwenye rangi ya chungwa na nyeusi, maarufu kama Nairobi Fly, anayefuata taa usiku. Ukimponda kwenye ngozi, sumu yake inaunguza. Siku moja au mbili baadaye unaona mstari wa malengelenge madogo, na ukiwa kwenye mkunjo wa kiwiko utaona alama mbili zinazotazamana. Osha kwa sabuni na maji mengi mara tu unapogundua, weka kitambaa cha maji baridi. Hakuna bakteria wa kuua hapo, mpaka usaha utokee.

Na mchubuko msafi. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa 1996, wenye wagonjwa zaidi ya 900 waliofanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi, ulilinganisha marhamu ya basitrasini na mafuta ya mgando ya kawaida. Maambukizi hayakutofautiana kwa kiasi cha maana, na mzio ulitokea upande wa antibiotiki. Kwa hiyo goti lililochubuka lioshwe kwa maji mengi safi na sabuni mpaka mchanga wote utoke, lipakwe mafuta ya mgando kutoka kopo jipya lisilochovywa na kila mtu, lifunikwe. Kama kilichochoma ni msumari au jeraha lina udongo, uliza chanjo ya pepopunda.

Dalili za kwenda kituoni leo

Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye vipele vya usaha, hata vichache, asitibiwe nyumbani. Ngozi yake ni lango fupi la kuingia kwenye damu. Vivyo hivyo mtoto mdogo ambaye ngozi yake inatoka kwa vipande vipana baada ya kuwa na homa.

Nenda pia ukiona homa na kutetemeka, uvimbe kuzunguka jicho, mstari unaopanda kutoka kidondani kuelekea kwapani au kinenani, au maumivu makubwa kupita kile kinachoonekana kwa macho. Ngozi inayogeuka nyeusi huku mgonjwa akizidiwa ni dharura. Mwenye kisukari asisubiri kidonda cha mguu hata siku tatu. Mara nyingi hasikii maumivu yanayomwonya mwenzake.

Kidonda chenye kovu jeusi katikati, kisichouma, kimezungukwa na uvimbe mkubwa, kwa mtu aliyechuna au kugusa mzoga wa mnyama, kinaweza kuwa kimeta. Baka lililofifia rangi ambalo halisikii ukiligusa kwa pamba linaweza kuwa ukoma, na tiba yake ni bure. Yote mawili krimu inayachelewesha tu.

Baada ya impetigo ya streptokoka, hata iliyopona vizuri, tazama mkojo wa mtoto kwa wiki zipatazo sita. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi au ya soda nyeusi, au uso wake ukivimba asubuhi hasa kuzunguka macho, figo zimeguswa. Apimwe mkojo na shinikizo la damu siku hiyohiyo.

Inaporudi kila mara

Mtoto anayepona na kurudia kila mwezi hana tatizo la krimu kuwa dhaifu. Kuna chanzo hakijatibiwa. Vidonda vikiwa kisogoni na nyuma ya masikio, tafuta chawa. Vikiwa kwenye mikunjo ya viwiko na magoti yenye ngozi kavu inayowasha siku zote, ni pumu ya ngozi, na anahitaji mafuta mengi mazito kila siku na mpango wa daktari. Watu wa nyumba moja wakipokezana majipu, huenda stafilokoka wanafugwa puani. Daktari anaweza kuamua kuwapaka mupirosini ndani ya pua mara mbili kwa siku kwa siku 5, wote kwa pamoja.

Lakini chanzo kinachopatikana mara nyingi ni upele wa kuwasha. Watu wote wanaolala nyumba hiyo wapakwe usiku mmoja, hata wasiojikuna: permethrin 5% kuanzia shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole na chini ya kucha, ikae saa 8 hadi 14 ndipo waoge, kisha warudie baada ya siku 7. Ikiwa kilichopo ni BBE (benzyl benzoate, dawa nyingine ya kupaka ya upele) ya 25%, ya watoto huzimuliwa, kwa hiyo uliza kipimo dukani kabla hujaipaka. Asubuhi yake shuka na nguo zilizovaliwa zifuliwe kwa maji ya moto, na zisizofulika zifungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki moja. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne hata vijidudu vikiwa vimekufa, kwa hiyo usirudie dawa kila siku kwa sababu mtoto bado anajikuna.